Laki Moja na Tatu

Kitaluni Nyololo miche ilihesabiwa mara mbili:
mchana na Filoteo Kihwele, kwa kokoto mfukoni,
usiku na mimi, kwa tochi,
vidole vimekufa ganzi kwa sakitu.
Laki moja na tatu.
Si laki kamili. Na tatu.

Wanachama tu arobaini na wawili.
Nikagawa: kila mmoja elfu mbili mia tatu themanini na mmoja,
ukabaki mche mmoja
ndani ya kiriba chake, unanitazama.

"Nyie makarani," akasema Kihwele, "hamkosi cha kubakiza."
Nikamjibu si mimi, ni namba.
Ipange safu mbili, unabaki mmoja.
Safu tatu, mmoja.
Safu saba, mmoja yule yule,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kumi na moja, miwili. Kumi na tatu, saba.
Kihwele akawasha sigara, akaenda zake.

Nilirudi na daftari nyumbani,
nikaliweka jiko la mkaa katikati ya miguu
nikaijaribu kwa namba tasa moja baada ya nyingine.
Hakuna haja ya kuvuka mia tatu kumi na sita:
mia tatu kumi na saba ukiizidisha kwa yenyewe
imeshaipita.
Mara sitini na tano niligawa.
Mara sitini na tano kikabaki kitu.
Ya mwisho, mia tatu kumi na tatu,
ilibakiza mia moja hamsini na sita,
na ukungu ulikuwa umeshaimeza milingoti ya jirani.

Basi nayo ni tasa.
Ndivyo tulivyofundishwa kuiita
ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.
Tasa.
Neno lile lile mawifi zangu
walilolichanganya na ulanzi wakaninywesha miaka tisa,
na mimi nikilimeza, nikisema asante.
Hakuna aliyeniambia kuwa maana yake
ni kushinda visu sitini na vitano usiku mmoja.

Asubuhi mkutanoni nikasema mbuzi amekula mche mmoja.
Namba ikafunguka kama gunia lililokatwa uzi:
ikaingia mbili, ikaingia tatu, ikaingia saba,
sita na kumi na nne na ishirini na moja zikafuata nyuma,
na arobaini na mbili ikaketi bila kubakiza hata jani.
Watu wakapiga makofi.
"Hiyo ndiyo hesabu!" Kihwele akasema,
akamshukuru mbuzi.

Mbuzi nilimsingizia.
Msonobari uko nyuma ya jiko langu,
mwaka huu umenipita mabega.
Wakiniuliza niliupata wapi
nasema ulibaki.