Nyumba ya Kumi na Nne

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa skuli, Suweiq.
Maji ya wadi yamekwisha kuchukua yaliyoyataka, yamerudi kwao,
yametuachia tope la rangi ya halua
na harufu ya friji zilizofungwa siku tatu bila umeme.

Sisi ni Chama cha Alkhamisi. Tunakutana Alkhamisi,
ndiyo asili ya jina, hakuna hekima nyingine ndani yake.
Wanachama thelathini na mmoja, sepeto kumi na tisa.
Mwalimu Ghalib anasoma orodha
jina na nyumba, jina na nyumba,
kama anayerudisha karatasi za mtihani.

Shafiqul kinyozi kafunga saluni yake: kwa mjane wa Hilal.
Vijana wa chuo: nyumba tatu za nyuma ya msikiti.
Bi Thuraya, ambaye goti halikunjiki: chai na mandazi.
Kisha mimi.
"Kumi na nne. Kwa Asila binti Masoud."

Ghalib si mtu wa hapa, katoka Ibri mwaka juzi.
Hajui kuwa mimi na Asila tumenyonya ziwa moja,
wala kwamba huu mwaka wa tisa
hatupeani hata salamu ya njiani.
Sababu? Cherehani ya mama.
Ukiliona jambo dogo, basi hujawahi kurithi.

Nilitaka kusema, nibadilishieni.
Lakini sepeto nilikuwa nayo mkononi,
na mwenye sepeto mkononi
hana pa kushikia visingizio.

Mlango wake umevimba kwa maji, niliufungua kwa bega.
Alikuwa ndani, kanga kaifunga magotini,
anazoa tope kwa sinia, lile la harusi yake.
Akakitazama kizibao cha njano,
kisha akanitazama mimi ndani ya kizibao.
"Umekuja wewe, au kimekuja chama?"
"Imenileta orodha."
"Basi orodha na ianze na jiko."

Orodha ikaanza na jiko.
Tope halina adabu, halibishi hodi:
limeingia kwenye droo ya dawa, kwenye viatu vya wajukuu,
limekaa kitako kwenye sofa kama mgeni wa Idi.
Yeye ndoo, mimi sepeto.
Ndoo. Sepeto. Hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka adhuhuri.
Akapita bwana mmoja wa kampuni, na kamera,
akataka tushike katoni la maji, tucheke.
Asila akamwambia, "Shika wewe. Sisi tuna kazi."
Tuna. Alisema tuna.
Nikainama, nikazoa pasipo na tope.

Alasiri Shafiqul akaja kusaidia vitu vizito.
Chumba cha nyuma akatoka nayo, kaikumbatia
kama mbuzi aliyezama.
Gurudumu limejaa mchanga, dhahabu ya ubavuni imetoka,
sindano ingali mahali pake.
"Dada, tupa au weka?"

Mama alitushonea nayo sare mbili za skuli
kwa kitambaa kimoja, tusije tukaoneana wivu.
Miaka tisa nimeiwaza inang'aa.

Hakuna aliyejibu. Shafiqul akabadilisha mkono, yule ni mzito chuma.
"Iweke juani," akasema Asila,
kisha akanigeukia,
kana kwamba hata jua lilitaka idhini yangu.
Nikasogeza ndoo, ipate nafasi.

Magharibi, skulini, Ghalib na kalamu yake:
"Kumi na nne?"
"Bado."
Uongo. Sakafu ile ungejitazama uso.
"Niongeze watu wangapi?"
"Hata mmoja. Nitarudi peke yangu.
Kama chama kina mafuta ya cherehani, nipeni."
Akanikodolea macho, akatafuta safu ya mafuta, hakuiona,
akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa ubaoni:
14, bado.