Arbuni Hairudishwi

Akeyo ameweka daftari juu ya rundo la viti.
"Mama, mwalimu ametupa maneno mawili
yanayotembea kama mtu mmoja.
Kol, halafu ofu.
Tueleze maana, tutunge sentensi tano."

Kizungu changu kiliishia sokoni Kibuye,
lakini kol naijua, ni kuita.
Na ofu ni stima ya Nyalenda saa mbili usiku.
Kuita kitu mpaka kizimike?
"Karibu hapo," anasema, anatafuna kalamu.

Basi andika, hiyo ndiyo kazi inayotulisha.
Viti mia mbili na hamsini, mahema sita,
harusi ya Jumamosi kule Mamboleo.
Ijumaa saa kumi simu inalia,
mama wa bwana harusi, sauti imekauka kama omena:
"Apondi, usipakie."
Hakusema imefutwa, hakusema imevunjika.
Usipakie.
Nikashusha vile vinne vilivyokuwa tayari mkokotenini.

Andika na mpira wa Jumapili ile,
refa alipodundisha mpira kwenye tope ukagoma kurudi.
Andika mgomo wa walimu wako:
mliamka asubuhi mkasikia kengele,
mgomo umekwisha kuitwa ukazimwa,
mkakimbia na viatu mkononi.
Kumbe neno hili lina siku zake za furaha.

Ila usilichanganye na kuahirisha.
Anayeahirisha huniomba tarehe nyingine,
arbuni yake inalala ndani ya mkebe wa majani chai.
Huyu mwingine haombi kitu.
Matanga tu ndiyo sijaona yakifutwa.
Kule Ahero waliyasogeza wiki tatu
ndugu wakigombania pa kuchimba,
lakini marehemu hakubadili nia.

Akeyo anacheka. Kisha anasoma alichoandika darasani:
lile jambo linaweza kukaa nyuma ya maneno yote mawili,
au likajiingiza katikati.
Lakini usipolitaja jina, ukisema tu "hiyo",
lazima ikae katikati.
Hakuna pengine.

Nikachukua kitambaa, nikafuta kiti kisicho na vumbi.

Sisi Waswahili wa kuazima, nikamwambia,
tunabadilisha mkia tu.
Umepanga, unapangua. Umetandika, unatandua.
Umetega, unategua.
Neno linafika mlangoni, linageuka, linarudi lilikotoka.
Lakini kuita hakuna mkia huo. Jaribu.
Aliyekuita hawezi kukuitua.
Labda ndiyo maana wenzetu wakatafuta hiyo ofu.

"Hilo nitaandika?"
Hilo usiandike, mwalimu hajaliuliza.

Na hili sikumwambia.
Miaka kumi na minne imepita, kibanda cha simu Kondele,
sauti kutoka Nakuru, dakika mbili za senti zake:
"Apondi, hiyo... tuiache tu."
Hakuitaja kwa jina.
Uani kwa mama, Rabuor, viti themanini vya kukodi
vilikuwa vimetazama upande mmoja.
Mzee Obiero akaja na mkokoteni wake,
akasema arbuni hairudishwi, ni sheria ya kazi,
ila nikipenda nibaki na viti kumi na viwili.
Nikabaki navyo.
Kimoja ndicho hiki, mguu umefungwa waya.
Hiyo ilikuwa imekaa katikati, kama mwalimu anavyosema,
mimi huku, yeye kule,
na Akeyo, miezi minne, hajui sarufi.

"Mama, bado moja."
Andika mbwa wa jirani.
Alinishika sketi pale langoni nikienda kudai deni,
mwenyewe akamwita kutoka ndani, mara moja tu,
yule mbwa akaniachia.
"Hiyo pia ni kol ofu?"
Uliza mwalimu. Mimi naona ndiyo yenyewe hasa.

Anaandika, ulimi nje, anapiga mstari kwa rula.
Simu inalia juu ya mahema.
Akeyo anainua kalamu,
ananitazama kama nitatoa sentensi ya sita.