Chupa za Padova

Maji yasiwe ya moto sana, kioo kitapasuka;
yasiwe baridi, gundi itakucheka.
Kidole kistahimili mpaka uhesabu kumi.
Vijiko vitatu vya magadi, kisha subira,
na subira hapa kwetu Orhei, mwezi wa Septemba,
ni kumenya viazi huku zabibu zikichacha pipani,
zikinong'ona kama waumini wa viti vya nyuma.

Gundi ya unga ni mpole. Ukirudi
lebo imejivua yenyewe, inaelea chali,
ngome yake, farasi wake, medali zake za dhahabu
vyote vimekuwa uji.
Gundi ya siku hizi ni jeuri, haisikii maji.
Jirani yangu Toader, juu ya ua, hakosi neno:
"Evdochia, paka mafuta ya alizeti, changanya na jivu!"
Napaka. Nasugua. Kucha zangu zimejaa
majina ya watu matajiri.

Zimekuja na basi dogo la Alhamisi,
lile linalopeleka jibini
na kuturudishia watoto wetu vipande vipande:
sabuni, kahawa, koti la msimu uliopita, picha.
Lilia wangu alikwenda Padova kumlea bibi mmoja,
kumwogesha, kumkata kucha, kumwita mama
kwa lugha nisiyoijua.
Chupa za jikoni mwa bibi huzivisha soksi
zisigombane njiani.

Thelathini na nane nimezivua nguo leo.
Zimepangwa juani, shingo chini, zinadondosha.
Huwezi kusema tena ipi ilikuwa ya karamu
na ipi ilinunuliwa kwa chenji.

Ya thelathini na tisa ina mistari ya kalamu,
imeshuka ukingoni mwa lebo kama ngazi,
mstari kila jioni, na tarehe, kwa mwandiko wa Lilia.
Daktari aliruhusu glasi moja tu;
aliniambia, tukacheka.
Tarehe tatu. Nne. Tano, hapa mkono umepinda,
labda na wao walikuwa wanacheka.
Tarehe saba.
Chini ya saba, karatasi nyeupe.

Wiki iliyopita alinipigia simu:
"Mama, natafuta kazi nyingine."
Nami nikamwuliza kama baridi imeanza.

Maji yamepoa. Chupa nimeishika tu,
kama unavyoshika mkono wa mgeni mlangoni
ukiwa umesahau jina lake.
"Hiyo imekushinda?" anauliza Toader.
Imenishinda, namjibu.

Nimeifuta kwa kitambaa kikavu, taratibu, nikiikwepa karatasi.
Divai mpya itakapotulia, Novemba,
nitaimimina humo
hadi mstari wa tarehe saba,
nisizidishe hata tone.