Tarishi

Hombolo, mwezi wa tisa, upepo umeshiba vumbi.
Mavuno yamekwisha. Napogoa mizabibu kwa mkasi butu,
na kila tawi nilikatalo hutoa tone lisilo na rangi,
kama mtu anayelia kwa adabu.
Mzabibu hauna mdomo. Lakini siku chache zijazo
macho yaliyolala chini ya tawi yatajua
kwamba kichwa kimeondoka, nayo yataamka.
Yameambiwa na nani?

Chitema, muuguzi wa kliniki ya sukari,
alinichorea duara nyuma ya kadi yako, Mbeleje.
"Hii ni seli," akasema. "Ina milango."
Akachora milango, kila mmoja na kitasa chake.
Ndani ya damu, akasema, barua hupita bila anwani,
haziiti jina la mtu,
zinapita zikigusa kila ukuta,
na mlango wenye kitasa chake ndio husikia.
Wengine wote kimya. Si kiburi. Hawakuandikiwa.

Nilicheka. Nikamwambia huo mji una akili kuliko wetu,
huku tangazo la maji hupigwa kwa kipaza sauti kutwa nzima
na wenye ndoo bado hawasikii.
Yeye hakucheka. Alikuwa anakaribia mahali pagumu.

Nyuma ya tumbo lako, kwenye kongosho, walikuwapo waandishi.
Ukila ugali wa uwele waliandika insulini, wakaituma,
misuli ifungue, sukari iingie, moto uwake.
Walinzi wa mwili wako mwenyewe wakawasoma vibaya.
Wakawadhania wageni.
Wakawamaliza mmoja mmoja
wewe ukiruka kamba uwanjani, darasa la tatu.

Tangu hapo sukari ilijazana mlangoni, na ndani njaa.
Ulimaliza kata, ukaomba nyingine.
Ulikojoa usiku kucha. Shangazi yako akasema umerogwa.
Sisimizi walijipanga nyuma ya nyumba, pale ulipochuchumaa:
wao walisoma kabla yetu.

Basi tarishi ni mimi.
Dawa yako naitunza kwenye chungu ndani ya chungu,
katikati mchanga wa korongo, naumwagia maji asubuhi na jioni,
maana jua la huku halijui barua ya mtu.
Nabana ngozi ya paja. Nachoma.
Wewe unahesabu kwa Kigogo mpaka kumi, unaruka saba, sijui kwa nini.

Ila barua ya mkono haina busara.
Yule wa ndani alionja damu kwanza, ndipo akaandika.
Mimi nakisia.
Juzi saa tisa usiku nilikuwa nimekisia vibaya.
Jasho lako likaniamsha, baridi, shingoni,
vidole vikitetemeka kama jani la mtama,
nikajua tezi zile zilizokaa juu ya figo
zimepiga mbiu kwa moyo, kwa ngozi, kwa ini:
toeni akiba!
Sikuandikiwa mimi. Niliisoma hivyo hivyo, kwa kiganja.
Nikakupaka asali ndani ya shavu,
nikakaa gizani kungoja jibu.

Ulifumbua macho ukauliza kama mbuzi wamefungiwa.
Wamefungiwa, nikasema. Lala.

Hukuniuliza nilikuwa nalia nini.
Mchanga wa chungu umeanza kukauka pembeni.
Naacha mkasi hapa, naenda kuutilia maji.