Mizinga Arobaini na Mmoja

Baraza la kata, Isevya, lilikaa mara tatu kutupatanisha.
Mara ya kwanza Mihayo hakuja.
Mara ya pili alikuja, akasinzia.
Mara ya tatu tulinunuliwa soda, tukacheka kidogo,
mwenyekiti akagonga muhuri: IMESHINDIKANA.
Karatasi ile nikaikunja mara nne
nikaificha kifuani, inapokaa akiba ya kikoba.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuachana nako kuna nauli:
ada ya kufungua shauri, fotokopi,
siku za kuliacha genge bila muuzaji
nyanya zikitoa maji,
na karani akisema, "Jalada halionekani, njoo Alhamisi."

Alhamisi lilionekana.
Hakimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa,
akavua miwani:
"Nyumba ina jina la mume. Wewe ulichangia nini?"

Nini.
Miaka kumi na tisa nimejibu maswali,
chumvi iko wapi, mtoto analilia nini,
hilo sikuwahi kuulizwa.

Nikafungua kopo la maziwa ya unga.
Risiti ya bati, bando tatu.
Risiti ya misumari.
Saruji, mifuko kumi na miwili, wino umefifia,
imebaki tarehe na doa la mchuzi.
"Na kuwapikia mafundi wiki sita, mheshimiwa,
hiyo risiti yake hutolewa duka gani?"
Akaandika. Sijui aliandika nini,
ila aliandika kwa muda mrefu.

Kisha Mihayo akasimama.
Kaka yake alikwisha kumfunza: sema hukumbuki.
Akaitazama karatasi iliyofifia, akaigeuza, akasema,
"Saruji aliileta yeye. Kwa baiskeli, mfuko mmoja mmoja.
Tumboni walikuwamo Kulwa na Doto."
Kaka mtu akashika kichwa.
Nami niliyekuja na hasira yangu nimeipiga pasi
sikujua niiweke wapi.

Vikagawanywa.
Nyumba isiuzwe mpaka pacha wamalize kidato cha nne,
kisha thamani yake, nusu kwa nusu.
Kabati kwangu. Redio kwake.
Deni la pembejeo za tumbaku, chama cha msingi:
nilidhani deni ni la aliyetia sahihi.
"Fedha ile ililipa ada za watoto?"
Ililipa.
"Basi ni lenu."
Kumbe ndoa hufa, deni lisihudhurie mazishi.

Matunzo, elfu themanini kila mwezi.
Huja kwa simu, na jina lake lote
kwa herufi kubwa, majina matatu,
kama mtu tuliyekutana naye benki.

Ikabaki mizinga, msituni, upande wa Sikonge.
Arobaini na mmoja.
Ishirini. Ishirini.
"Na huu?"
Karani akashauri uuzwe.
Mihayo akasema nyuki wake wakali, nani atanunua?
Nikasema wakali ndio wenye asali.
Akasema, mwaka ule walikuuma wewe au mimi?
Nikasema walikuuma wewe kwa sababu hukuwasha moshi wa kutosha.
Tukabishana hivyo, mbele ya mahakama,
kama watu wanaojuana,
mpaka hakimu akatazama saa, akaandika:
mzinga mmoja, haujagawanywa.

Ndivyo ulivyo hadi leo,
ukurasa wa sita wa hukumu, mstari wa pili kutoka chini.
Vingine vyote vina mwenyewe.

Juzi nilikwenda kukagua ishirini yangu.
Nikapita chini ya ule mninga.
Waya umekazwa upya,
na mlangoni mtu amepaka nta mbichi kuwaita nyuki.

Si mimi.