Jibu kwa Ukurasa wa Mwisho

Mmeuliza, kwa herufi za mchwa, chini ya ratiba ya treni:
"Je, kitabu hiki kimekufaa? Tuandikie."
Nawaandikia. Penseli ni fupi, treni inatikisika,
Porto inabaki nyuma na mvua yake.

Ukurasa wa arobaini na moja: duka la mikate,
hufunguliwa saa moja, usikose andazi la krimu.
Nilifika saa moja kasoro. Kijana aliyepandisha shata
anauza vioo vya simu. Hakunicheka.
"Wewe wa nne wiki hii," akasema,
akaninyooshea kidevu mkahawa wa ng'ambo,
ambao haumo kitabuni,
na naomba msiutie.

Mmesema toka mtoni hadi kanisani ni dakika kumi kwa miguu.
Miguu ya nani?
Ngazi hamkuzitaja. Nilihesabu mia mbili na tatu, nikakaa,
paka akanipita bila hata kuhema.
Ramani yenu ni bapa kama chapati;
mji wenyewe umefinyangwa kama leso mfukoni mwa mwenye mafua.
Na pale kurasa mbili zinapokutana, sitini na sita na sitini na saba,
mtaa mzima umemezwa na uzi wa jalada.
Humo mshononi mna vinyozi wawili, fundi wa miavuli,
shule ya watoto wanaoimba jedwali la saba,
na ghorofa ya tatu, Dona Felismina,
aliyenipangisha chumba.

Haki itendeke: nilipoteguka mguu,
ukurasa wa mia na tisini na nane ulinibeba.
Neno la maumivu, neno la duka la dawa,
kulia, kulia tena, msalaba wa kijani. Sawasawa.
Kwa ukurasa huo Mungu awape maisha marefu.

Ila ile sura ya maneno ya lazima!
Mmenifundisha kuomba *mesa*
kana kwamba sikufutishwa meza kila Jumamosi ya utoto wangu.
*Bandeira*, mkaniandikia jinsi ya kutamka. Asanteni.
Lakini *igreja* lilinikwama kooni.
Neno hilo lilipofika kwetu lilivua kengele,
likavaa nondo, likawa gereza.

Nilimweleza Felismina kwa Kireno changu cha kuokoteza.
Akaacha viazi. Akafuta mikono,
akapekua kitabu, akiangalia picha tu,
akaweka kidole penye jengo la rangi ya waridi.
Nyota moja.
"Wanasemaje?"
Nikamsomea: *Zamani mahabusu ya siasa.
Laweza kurukwa kama muda wako ni mfupi.*

"Aurélio wangu," akasema, "muda wake humo
ulikuwa miezi kumi na minne."
Akarudi kwenye viazi.
Nikapekua, naapa, nikitafuta neno la kumwambia.
Mna ukurasa wa kulalamikia bili.
Mna ukurasa wa mzigo uliopotea.

Sakafu ya nyumba ile imeinama upande wa dirisha.
Usiku, bila kuniuliza, akakitia kitabu
chini ya mguu wa meza,
na supu ya kabichi, kwa mara ya kwanza tangu nifike,
ikakaa bakulini kama maji ya kisima.

Leo alfajiri nimeihitaji ratiba.
Ameinua meza kwa nyonga, vikombe vikigongana,
nami kwa magoti nimefungua mwisho kabisa:
uwanja wa ndege, saa kumi na mbili na dakika saba.
Treni imekuja na dakika zake saba.
Hapo hamkukosea.

Basi andikeni kwamba kimefaa.
Karatasi hii nimeichana kwa haraka, mniwie radhi.
Mkitoa toleo jipya mpelekeeni moja:
meza yake sasa
imepungukiwa unene wa ukurasa.