Punje za Mahindi

Kirumba, Mwaloni, saa kumi na moja alfajiri.
Mitumbwi ya Goziba inateremsha magunia
nami nimeshaketi, kopo la maziwa miguuni,
punje za mahindi kiganjani.
Kila mteja anayeinama mezani kwa Nyanzala
namdondoshea punje moja. Ti.
Kwangu sihesabu. Kwangu najua.

Wiki ya kwanza: mia moja kumi na nne.
Nikasema ni ndumba. Holo naye akasema ni ndumba.
Kusema ndumba ni rahisi, hakuhitaji daftari.

Wiki ya pili nikamtuma Lugata, mtoto wa dada,
akanunue sado moja kama mgeni wa Geita.
Nikamwaga dagaa wake juu ya khanga, nikamwaga na wangu,
nikavaa miwani ya marehemu mama.
Wangu: mchanga. Mchanga machoni mwa samaki,
mchanga kitakoni mwa sado, mchanga unaolia jinoni.
Wake safi, wamenyooka kama sindano,
migongoni wana alama za wavu.
Kumbe huanika juu ya chanja huyu mwanamke,
hewani, wakati mimi natandaza chini
nikimshukuru Mungu kwa jua la bure.

Sado yake nikaipima. Haijabondwa.
(Yangu, nikiri, ina kibonyeo.
Niliinunua hivyo. Karibu hivyo.)

Wiki ya tatu nikatega sikio.
Mama wa Bukombe anaulizwa habari za mguu.
Dereva wa fuso la Tunduma anawekewa gunia kivulini
kabla hajapiga simu.
Hayo kopo langu halikuwa na punje zake.

Nikauza redio. Nikanunua miti na nyavu chakavu,
nikajenga chanja, pandikizi la chanja,
kubwa kuliko yake kwa hatua mbili; nilipima usiku.
Sado nikaipeleka kwa fundi bati ainyooshe.
Jina la dereva nikajifunza. Nikalikosea. Nikajifunza tena.

Punje zikaanza kupungua: tisini. Sabini na moja.
Nililala nikicheka.

Kisha mwezi ukajaa.
Mbalamwezi ikimwagika ziwani dagaa hawafuati taa;
karabai zinaning'inia, mitumbwi imelala kifudifudi
kama sufuria zilizooshwa.
Hakuna mnunuzi, hakuna muuzaji, tupo sisi wawili
na korongo mmoja anayepekua magunia matupu.

Nyanzala akavuka njia, mara ya kwanza kwa miaka sita,
akapita kwenye chanja yangu, akashika kamba,
akakaza fundo nililofunga vibaya.
Akaketi.
"Leo umeniwekea punje ngapi?"

Nikatazama kopo. Nikatazama maji.
Akafungua pindo la khanga yake: maharage,
mekundu, yaliyong'aa kwa kushikwashikwa.
"Haya ni yako," akasema, "ya mwezi mzima.
Umepanda. Ila Jumanne uliuza wenye unyevu,
na yule mama wa Bukombe harudi."

Usiku ule nilifungua daftari.
Nikaandika: Jumanne.